Lenox Mwarandu, Aliyebaki Tufani

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 2025, Lenox Mwarandu anaivua rasmi jezi ya Timu ya Baiskeli ya Tufani, Kisauni, baada ya kuivaa kwa miaka kumi na minane. Hajawahi kuvaa jezi ya timu nyingine. Nusura aivae mara moja, na habari hiyo hatuwezi kuiacha.

Alikuja kwetu na mikate. Mwaka 2007 alikuwa akisambaza mikate ya tanuri moja la Magogoni kwa baiskeli ya chuma yenye kreti nyuma. Asubuhi moja timu ilikuwa mazoezini barabara ya Mtwapa, upepo wa mbele umewashika hasa, wanatambaa. Kijana mmoja akawapita wote. Alipofika usawa wa kocha, Mzee Kalama, alimwamkia kwa adabu: "Shikamoo, mzee. Niwie radhi, mikate inapoa." Akaenda zake. Mzee Kalama alimfuata mpaka dukani, akanunua mkate asiouhitaji, na kumwalika mazoezini.

Kazi aliyopewa Lenox ni kukata upepo. Kwa wasioijua mbio za baiskeli: anayetangulia ndiye anayepigana na upepo, na walio nyuma yake hupata nafuu. Karibu na mwisho yeye hupisha pembeni ili nahodha, ambaye miguu yake ingali na nguvu, achomoke na kushinda. Nahodha wetu Abdulghani ana kabati zima la vikombe. Muulizeni, atawaambia mwenyewe vilipita mgongoni mwa nani.

Mwaka 2016 ulitupima. Mbwa alikatiza barabara pale Kikambala, Abdulghani akaanguka na kuvunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Daktari akamwambia msimu huo ausahau. Tukabaki na waendeshaji wanne, na timu yenye pungufu ya hao haikubaliwi kwenye ligi. Ndipo akaja meneja wa Timu ya Mwamba kutoka Nairobi. Alimtaka Lenox, tena si wa kukata upepo. Alimtaka awe nahodha, wengine wamkatie yeye. Mshahara ulikuwa mnono kuliko wetu, na msimu uliofuata Mwamba wangeshindana Ulaya.

Mkewe, Pascalia, alishaona mlango umefunguka. Aliwaaga majirani na kuwagawia kuku wake. Lenox akiondoka, timu inakufa. Sote tulilijua hilo, lakini nani angesimama mbele ya riziki ya mwenzake?

Meneja alikuja karakana yetu ya Frere Town kumalizia mazungumzo. Mimi, fundi wa timu, nilikuwa pembeni nakaza spoki za gurudumu, masikio yakifanya kazi kuliko mikono. Lenox alisikiliza yote, kisha akauliza, "Na wenzangu?"

"Wenzako si tatizo," meneja akasema. "Tutakupa wengine."

Lenox alilitazama kidogo gurudumu nililolishika. "Bwana, wenzangu si tairi," akasema taratibu. "Ahsante kwa kunifikiria. Mimi nabaki."

Meneja alidhani ni ujanja wa kupandisha bei. Alirudi baada ya siku chache na ahadi kubwa zaidi, akapewa jibu lilelile na kikombe cha chai.

Pascalia hakulipokea vizuri. "Haya, umebaki," alimwambia mumewe. "Na kuku wangu atanirudishia nani?" Ikabidi mwanariadha wetu azunguke Magogoni nyumba kwa nyumba akidai kuku. Wengi walirudi. Mmoja alikuwa ameshaingia sufuriani, na mwenye nyumba akamkaribisha mgeni mezani. Lenox akaona si ustaarabu kukataa.

Hatutaki kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: uamuzi ule ulimuuma. Mwaka uliofuata tulikuwa hotelini Kongowea tukinywa chai, televisheni ikaonyesha jezi za Mwamba zikipanda mlima wa ugenini. Lenox alitazama mpaka mwisho bila kugusa kikombe chake. Nikamuuliza kama anajuta.

"Kujuta najuta, Mwikali, uongo ni dhambi," akanijibu. "Lakini ningekuwa kule, saa hizi ningekuwa nawatafuta nyinyi kwenye simu."

Abdulghani alikuwa meza ya pili, mtulinga umeshaunga, na maneno hayo aliyasikia. Mbio zetu zilizofuata zilikuwa za Mazeras hadi Kaloleni, vilima vitupu. Kabla ya kuanza alimshika Lenox bega. "Wallahi, leo upepo nakukatia mimi," akasema. "Wewe kaa nyuma yangu, utulie."

Na alimkatia. Mwisho ulipokaribia, Abdulghani akapisha, Lenox akabaki mbele peke yake. Hapo mazoea yakamshinda. Akasogea pembeni, akageuza shingo kutafuta ni nani wa kumpisha!

"Wenda wapi?" Abdulghani akapiga ukelele kwa pumzi aliyobakiwa nayo. "Mbele! Leo ni wewe!"

Lenox alishinda kwa upana wa gurudumu. Mama yake, Mama Mbeyu, aliyekuja kutoka nyumbani kwake hapo Kaloleni, alikuwa amezoea kwamba mshindi ni yule anayemfuata mwanawe. Akampita Lenox, akachungulia barabarani na kuuliza, "Sasa Abdulghani yuko wapi?" Alipoelezwa, aliketi palepale kwenye nyasi, akajifunika uso kwa leso.

Lenox alishinda mara nyingine mbili tu baada ya hapo, na hakulalamika. Timu haikufa. Leo tuna kikosi cha wanaume na cha wanawake, na Cheryl, aliyeibuka wa kwanza Pwani msimu huu, alifundishwa vilima na Lenox kwa kelele nyingi na biskuti nyingi zaidi. Tumemwomba awe kocha. Amesema kwanza anataka kujua watu wengine hulalaje mpaka jua likapanda.

Pascalia, shukrani zetu ni kwako pia. Uliyavumilia mazoezi ya alfajiri, jezi zenye matope, na wageni waliokuja kula bila taarifa, yaani sisi.

Ndugu Lenox, ahsante kwa mgongo wako na kwa moyo wako. Mungu akupe afya, akulindie nyumba yako, na magoti yako yakusamehe yale tuliyoyafanyia. Ukichoka kupumzika, karakana hufunguliwa mapema kama unavyojua. Usibishe hodi, ingia tu.

Mwikali,
Fundi wa baiskeli, kwa niaba ya Timu ya Tufani