Kaka wa Kupewa

Benchi la nje ya saluni ya Honoré, pale Warwick, Durban, halipitishi asubuhi bila ubishi, na Jumamosi ile ya mwaka 2012 ndiyo kabisa, maana Josias, mlinzi kutoka Kongo, alikuja kunywa kahawa ya mwisho. Kesho yake alikuwa anahamia Kanada na familia yake. Honoré alikuwa na aksanti ya miaka minne imemkwama kooni: ndugu yake wa kumpokea alipozima simu siku ile Honoré anaingia Durban, Josias ndiye aliyemkuta stendi ya taksi, kwa bahati tu, akamlaza chumbani kwake miezi mitano. Leo lazima aiseme. Lakini wale wenzake, wee, wangempa nafasi saa ngapi?

— Ule mzee Mwingereza nalindia nyumba, Josias alianza, akiwa na miaka kumi na sita walimupandisha meli, wakamupeleka Australia kukamua ng'ombe.

— Mwingereza akamue? Dominiki, Mtanzania muuza simu waliyembatiza Mwanasheria, aliweka kikombe chini. Kwa kosa gani?

— Hakuna kosa. Ilikuwa mpango wa chama kimoja. Vijana maelfu, batoto ba mujini, hawajagusa hata mukia wa ng'ombe. Wengine Kanada, wengine Rhodesia.

— Sasa nimeelewa! Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waingereza wakaona siku tatu nyingi, wakagawa majembe bandarini!

— Eish, Mwanasheria, Honoré alisema, pale bandarini si walikuwa kwao bado?

— Ndio ujanja wenyewe! Haba na haba hujaza kibaba. Waliijaza Australia kijana mmoja mmoja.

— Iko na wenyewe, Josias alimkatiza.

— Basi sababu ni ng'ombe, bwana! Wa kule walikuwa wanasikia Kiingereza tu. Ukiwaamuru kwa Kizulu, maziwa yanarudi juu!

Benchi zima lilicheka. Honoré naye alicheka, huku roho ikimwambia muda unakwisha.

— Kazi ilikuwa nguvu, Josias alisema, na wengine waliteswa. Lakini chama chao kilimupatia kila kijana kaka mukubwa, mutu wa kule, hata si ndugu. Anamupokea melini, anamuandikia barua. Mzee anakaribia miaka makumi nane, mpaka leo anamushukuru ule kaka.

Hapo hapo, Honoré alijisemea, akafungua mdomo. Lakini mgeni wa benchi, jina lake Sikujua, akamtangulia. Huyo ni mshonaji aliyefika kutoka Uvira, Kongo, siku ya Jumatano, na Josias ndiye aliyemtafutia pa kulala.

— Na wewe, grand, mukubwa wetu, siku ulifika huku, nani alikupokea?

Honoré aliona haya: miezi mitano chumba kimoja, na hakuwahi kumuuliza.

— Hapana mutu, Josias alisema. Nililala inje ya stesheni siku tisa. Njo maana nikawa napita kwenye stendi kila magharibi, kuangalia nani amekosa mwenyeji.

Kumbe haikuwa bahati. Honoré alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

— Aksanti, kaka, alisema, akalia waziwazi mbele ya wateja.