Kalenda Isiyo na Jina

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko jikoni, punguza moto kwanza uje ukae. Habari ya leo haitaki kusikilizwa kwa sikio moja.

Tunamkumbuka daktari wa wanyama aliyefariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Alifariki nyumbani kwake, kitandani kwake, mbele ya watu wake. Nasema tena: nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Hilo ndilo alilolitaka kuliko yote, na nusura alikose. Nusura alikose kwa sababu ya kalenda moja, iliyosomwa vibaya na mtu aliyempenda kuliko watu wote.

Daktari huyu hakuwa na kliniki. Alikuwa na gari la kijivu, mkoba wa ngozi na chupa ya chai. Alikwenda nyumba hadi nyumba kuwatazama mbwa na paka ambao hawatapona tena. Huyu figo zimechoka, yule ana uvimbe, mwingine moyo umezidiwa. Hakwenda kuwaponya, wala hakumdanganya mtu kwamba anaponya. Alikwenda kuwatuliza maumivu. Alimfundisha mwenye mnyama kumpa mgonjwa dawa bila vita. Na siku ikifika, alimsindikiza mnyama akiwa amelala juu ya kitambaa anachokijua, mbele ya sura anazozijua.

Mtaani walimwita Daktari wa Mwisho. Jina hakulipenda, lakini la mtaani halina rufaa. Gari la kijivu likikata kona, watu walishusha sauti. Likipita bila kusimama, walipandisha. Mwenye duka la kona alimwambia siku moja, "Daktari, nakuomba sogeza gari mbele kidogo. Wateja wakiliona hapa watadhani zamu yangu imefika." Daktari alicheka, akasogeza. Tangu siku hiyo aliegesha mbali, akatembea kwa miguu na mkoba wake. Haikusaidia. Watu walijifunza kuutambua mkoba.

Aliyetusimulia mengi ya leo ni mdogo wake wa kike, fundi cherehani. Wamezaliwa wawili tu, tumbo moja. Fundi ana watoto na kelele zao. Daktari hakuolewa, hakuzaa, na nyumbani kwake alikuwa na paka mmoja wa rangi ya machungwa, miaka kumi na sita, mwenye kiburi cha kutosha paka watatu. Fundi ndiye aliyempa jina. "Nilimwambia dada, huyu analala kitandani kwako, anakula kabla yako, na kazi hasaidii hata moja. Huyu ni shemeji yangu, yamekwisha." Paka akawa Shemeji.

Kila Jumatano na Jumapili fundi alikwenda kwa dada yake. Alimpelekea vigodoro vidogo alivyoshona kwa mabaki ya vitambaa, kwa ajili ya wagonjwa wake. Kwa hiyo kazi ile aliijua. Aliijua vizuri, na ndiyo maana alikosea.

Sasa kalenda, wasikilizaji wapendwa. Tuielewe, maana yote yamening'inia hapo.

Kila nyumba aliyoingia, daktari alitundika kalenda nyuma ya mlango wa jikoni. Juu yake aliandika jina la mgonjwa. Kila jioni mwenye mnyama aliweka alama moja. Duara, kama siku ilikuwa njema: amekula, amelala, amekuja mlangoni kukupokea. Msalaba, kama siku ilikuwa mbaya. Na sheria ilikuwa moja. Misalaba mitatu mfululizo, piga simu. Usingoje wa nne.

Watu walidanganya, bila shaka. Fundi anamkumbuka mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa na mbwa mzee aitwaye Karani. Karani alikuwa na saratani ya mfupa wa mguu, hata kusimama ilikuwa kazi. Fundi alikuwa amepeleka kigodoro siku hiyo, akamkuta dada yake amesimama mbele ya kalenda ya mwalimu, anaitazama tu.

"Mwalimu," daktari akasema, "maduara haya yote yameangukia Jumamosi na Jumapili. Nani huja siku hizo?"

"Binti yangu."

"Basi hii ni kalenda yako, mwalimu. Siyo ya Karani."

Mwalimu alivaa miwani, akachukua kalamu, akaanza kusahihisha siku moja moja, kama mtu mwenye rundo la madaftari mezani. Alipomaliza, akaomba aletewe simu yake, ampigie binti yake.

Yashikeni maneno hayo: hii ni kalenda yako. Tutayarudia.

Mwaka huu ulipoanza, daktari alianza kupungua. Nguo zilimpwaya. Akiulizwa, alisema ni kupanda ngazi za watu. Kila mtu aliridhika, kwa sababu ni daktari, na sisi mtu akishaitwa daktari tunadhani ugonjwa unamwogopa. Akaanza pia kugawa wagonjwa wake, leo mmoja, wiki ijayo wawili. Aliwapa mwenzake wa kazi, muuguzi wa wanyama mwenye mvi, ambaye kila mtu anamwita Sindano. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka ishirini. Sindano alidhani bibi mkubwa anastaafu, akaanza hata kuchanga fedha za saa ya ukutani, zawadi ya kumuaga.

Kisha akamwagiza fundi kitu.

"Nishonee kava la godoro," alimwambia. "Futi sita kwa nne. Ndani weka plastiki, lisipitishe maji."

"La nani?"

"La mbwa mkubwa."

"Futi sita? Huyo ni mbwa au ndama?"

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Hapo, wasikilizaji wapendwa, fundi aliposimulia aliweka mkasi chini. Akasema, "Nilidhani ameshika meza kwa kucheka."

Alilishona kwa jioni mbili. Kila ukingo aliupitishia uzi mara mbili, kama anavyoshona vitu vya watu wake, ili lisivuje. Anasema alikuwa anaimba.

Mwezi wa pili, fundi alifunga mlango wa jikoni kwa dada yake, akaona nyuma yake kalenda. Maduara, misalaba, maduara. Juu hapakuwa na jina.

"Ni ya Shemeji hii?"

Daktari alikuwa anaosha kikombe. Akasema, "Miaka kumi na sita si mchezo, mdogo wangu."

Ni kweli, si mchezo. Lakini hakujibu swali, na fundi hakugundua kwamba hakujibiwa. Alitoka pale amebeba msiba wa paka. Miezi miwili alimlia Shemeji kimyakimya. Alimletea samaki. Alimbeba mapajani, akamwambia maneno ambayo mumewe hajawahi kuyasikia. Shemeji, ambaye hakuwa na habari, akanenepa. Na upande wa pili wa meza ileile alikaa daktari, anakula nusu sahani, kisha robo, kisha anaisogeza sahani taratibu kwa paka. Fundi alitazama paka anavyokula. Kila mara alimtazama paka.

Wiki ile ya mwisho wa mwezi wa nne, gari la kijivu lilisimama nje ya nyumba ya daktari mwenyewe siku nne bila kusogea. Mtaa ambao ulikuwa unaliogopa gari lile miaka yote haukushtuka. Pale ndipo lilipolala kila siku. Nani angeshtuka?

Jumatano, saa nne asubuhi, fundi aliingia kwa ufunguo wake. Mlango wa chumbani ulikuwa umerudishwa. Sauti ya dada yake ikasema kutoka ndani, "Mafua tu. Niache nilale kidogo." Akaenda jikoni kuchemsha maji. Akafunga mlango. Akaona.

Jumapili, msalaba. Jumatatu, msalaba. Jumanne, msalaba.

Mitatu mfululizo.

Shemeji alikuwa dirishani, macho nusu wazi, amejikunja kwenye jua. Fundi akamwona tayari amekwenda. Akajiambia, mganga hajigangi. Dada ameingia nyumba za watu mia, lakini hili la nyumbani kwake limemshinda, hawezi kupiga simu mwenyewe. Akapiga yeye. Alinong'ona ili dada yake asisikie. "Sindano, njoo na mkoba. Ni Shemeji. Misalaba imefika mitatu."

Sindano alifika kabla maji hayajapoa. Alimshika Shemeji, akamfungua kinywa, akatazama fizi, akampapasa tumbo. Shemeji akamparura mkono kuanzia kifundoni hadi karibu na kiwiko. Sindano akamweka chini, akafuta damu.

"Fundi, huyu paka atatuzika sote."

"Lakini kalenda..."

Sindano akaenda nyuma ya mlango. Akaisoma muda mrefu. "Jumapili alikula?"

"Alikula. Nilimlisha mwenyewe. Alikula na samaki wa dada, maana dada alisema kichwa kina..."

Maji aliyoyarudisha motoni yalikuwa yanachemka upya, na hakuna aliyezima moto. Wote wawili waligeuka kutazama mlango wa chumbani.

Fundi ndiye aliyeusukuma. Anasema kabla hajaona uso wa dada yake, aliona ukingo wa godoro pale shuka ilipochomoka. Uzi umepita mara mbili. Aliutambua mshono wake.

Daktari akafungua macho. "Nani kamwita Sindano?"

"Mimi, dada. Nilidhani ni Shemeji."

"Umehesabu vizuri," daktari akasema. "Umekosea mgonjwa tu."

Ilikuwa saratani ya kongosho. Hospitali walimwambia mwezi wa kwanza, na walimwambia waziwazi kwa sababu aliwaomba waziwazi. Akakunja karatasi, akaiweka ndani ya mkoba, akaenda kumtazama mbwa wa mtu.

Kwa nini alificha? Fundi alimuuliza, na hakumuuliza kwa upole. Alikuwa na hasira, na anasema bado anayo. Daktari akamjibu, "Nimeona nyumba nyingi zikianza kunong'ona. Siku watu wanapojua, wanakoma kucheka karibu na mgonjwa. Nilitaka nyumba yetu ichelewe."

"Na kama nisingekuja leo?"

Daktari akasema, "Leo jioni ningeweka wa nne."

Yeye, aliyewakataza watu wote wasingoje wa nne.

Sitamtetea, wasikilizaji wapendwa, na yeye hangetaka. Aliyejua kazi hii kuliko wote alikaribia kufa peke yake nyuma ya mlango uliorudishwa, kwa kuogopa minong'ono.

Walikuwa na siku kumi na moja. Muuguzi wa hospitali alikuja kila siku na dawa ya maumivu. Fundi alihamia na cherehani yake. Alifanya yote aliyomsikia dada yake akiwaambia wenye mbwa: fungua pazia, usitembee kwa ncha za vidole, zungumza sauti yako ya kawaida, weka karibu kitambaa chenye harufu ya nyumbani. Alishona mlemle chumbani. Cherehani ilipiga kelele, na daktari akasema ndiyo inayomletea usingizi. Shemeji alilala miguuni. Mwenye duka alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Daktari, gari liache palepale. Halinisumbui." Daktari akamwambia amechelewa miaka tisa.

Usiku fundi aliishusha kalenda, akaisoma kuanzia mwanzo. Siku yake ya kuzaliwa, mwezi wa tatu, ilikuwa na msalaba. "Siku ile alikuja kwangu," anasema. "Alicheza na wanangu. Alinisifia gauni. Nilikuwa nimesimama mbele yake, na sikuona. Hilo ndilo linaloniuma, siyo kwamba amekufa."

Familia ya marehemu, poleni. Fundi, pole sana. Wapwa zake, poleni. Sindano, pole, na kidonda cha mkono kipone. Poleni ninyi wote ambao mkoba ule uliwahi kuvuka vizingiti vyenu.

Nanyi mnaonisikiliza, nina ombi moja. Tunaulizana hujambo kutwa nzima, na tunajibiana sijambo. Sijambo ni adabu njema, lakini haijawahi kuwa habari. Leo ukimuuliza mtu wako, akajibu sijambo, usiondoke upesi. Mtazame anavyokula. Angalia ameshika meza kwa sababu gani.

Jioni ya kumi na moja, jua lilikuwa bado dirishani. Daktari hakuweza tena kushika kalamu, kwa hiyo fundi aliishika yeye. Siku ile dada yake alikuwa amekunywa vijiko viwili vya chai. Alikuwa amemwita kwa jina lao la utotoni. Fundi akachora duara, akaileta kalenda karibu ili aione.

Daktari aliitazama muda mrefu, kama alivyoitazama ile ya mwalimu.

"Hiyo ni kalenda yako," akasema. "Siyo yangu."

Fundi akageuza kalamu upande wa kifutio, aifute alama.

"Lakini iache."