Mzee Elisaria Ajifunza Ruleti

Kwenye basi la mwendokasi la kutoka Kimara nilikaa nyuma ya Mzee Elisaria, aliyestaafu juzi kupakua mizigo bandarini. Alikuwa amegundua kwamba binti wa pembeni yake, Vicky, anachezesha ruleti kasino, na furaha ikamjaa usoni. "Wenzangu wananiaga leo jioni hukohuko. Nifundishe, mwanangu, nisionekane mshamba."

"Rahisi, baba. Unaweka chipu zako kwenye namba, au kwenye rangi, nyekundu au nyeusi. Mimi nazungusha gurudumu na kurusha kijipira. Kikitulia kwenye rangi yako, umeshinda."

"Nyeusi ikitoka mara tano mfululizo, ya sita lazima iwe nyekundu, siyo?"

"Hapana, baba. Gurudumu halikumbuki kitu."

"Hata kidogo?" Mzee alionekana kulionea huruma.

"Na ukishinda, ondoka. Ukiliwa, ondoka pia. Kiinua mgongo kiache kwa mama nyumbani."

"Sasa nitacheza saa ngapi?"

Wakacheka, nami nikacheka chinichini. Basi liliposimama Msimbazi, mzee aliinuka kushuka akitabasamu, bila kukubali hata neno moja la ushauri ule, akamwomba Vicky amwekee kiti karibu kabisa na gurudumu.