Gota za Sweta

Nyuma ya stoo ya ngozi za mbuzi, Kiamaiko, kuna benchi moja refu ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Hapo Ruqiyo humimina kahawa, wanaume wakamimina maneno. Luseno, anayepaka ngozi chumvi humo stoo, walimbatiza Sweta zamani, maana hata jua likiwaka vipi alifunika viwiko vyake vyenye magamba ya soriasisi. Tangu aanze sindano mpya za hospitali, viwiko vimetakata na sweta imebaki msumarini. Jina tu ndilo lililokataa kuvulika. Lakini sasa viganja vimeota vipele vya usaha, na kila anayemsalimia, yeye humpa gota, ngumi kwa ngumi. Kesho ni siku ya sindano, na roho yake haitaki kwenda.

— Buda, fungua mkono tuone, alisema Patrobas, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki.

Sweta alifungua kidogo, akafunga.

— Manze! Hiyo ni sindano imefanya. Si nilikushow? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa mwenyeji ni nani? aliuliza Shire, fundi wa magari, jina la kijiweni Spana.

— Ugonjwa! Umepona, umehama. Ni kama mpangaji wa Dandora. Landilodi akimfungia kiwiko, anabeba godoro anaenda kukodisha kiganja.

— Wapi! Hii ni mambo ya spea. Wamemwekea injini ya lori kwa pikipiki.

— Basi ni mbuzi, alisema Redio. Hao wote amepaka chumvi wameenda kumshtaki huko juu. Haba na haba hujaza kibaba.

Walicheka, na Sweta akacheka nao, ingawa kicheko chake hakikufika mbali. Walimpenda, wapuuzi hawa, na hofu yao juu yake ilitoka kwa kelele.

— Kesho usiende, bro, alisema Spana. Achana nayo.

— Nikiacha, sweta inarudi. Nikionyesha mikono, daktari ananiachisha. Juzi Lorine alinishika kiwiko kanisani. Bibi yangu. Mbele ya watu, mara ya kwanza.

Hapo hata Redio alizima.

Ndipo akaja Abdimajid, kaka yake Ruqiyo, ameleta makaa. Alisalimia benchi zima mkono kwa mkono. Alipofika kwa Sweta akakuta ngumi. Akaacha kiganja chake wazi, akangoja. Sweta akaona haya, akafungua mkono wake, na mgeni akaupokea kwa chini, taratibu.

— Inauma?

Siku zote hizo hakuna aliyemuuliza.

— Nikishika chumvi, naona nyota.

— Pole sana, ndugu yangu. Daktari anasemaje?

Redio alimwangalia Spana. Spana akaliangalia tofali. Ruqiyo akainamisha birika, halikutoa hata tone.

— Hajaona, alisema Sweta. Hata yeye nilimpa gota.

Abdimajid alikuwa bado ameushika ule mkono.

— Kesho mpe kiganja.