Jina la Bandari Yetu

Ndani ya basi la kwenda bandarini, mama mmoja mshonaji alijifanya amelala fofofo, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele.

Mzee aliyepakata ndoo ya rangi alikuwa akimwambia karani wa forodha, "Tangu ujana naandika majina ya meli, mwanangu. Kule nyuma, chini ya jina, naandika bandari meli ilikosajiliwa, na siku zote ni ya ugenini. Leo naandika ya kwetu."

"Meli moja tu, mzee wangu?" karani akaguna. "Kwanza tuwape mabaharia wetu mahali pa kujifunzia kazi."

"Bila meli watajifunzia wapi, bafuni?"

Mshonaji akafumbua jicho moja. Binti yake amehitimu ubaharia, na mpaka leo anamsaidia kutia vifungo.

"Hiyo moja haiwatoshi," karani akashikilia. "Watagombania nafasi."

"Na wagombanie! Jana walikuwa hawana hata cha kugombania."

Basi likasimama getini, wakashuka bado wanabishana. Yule mama aliyekuwa amelala fofofo akachomoza kichwa dirishani.

"Baba! Hiyo meli inachukua wasichana?"