Ukisimama Kujibu, Mtazame

Mgeni rasmi, Muuguzi Mkuu wa hospitali yetu. Wazazi, walezi na vijana wetu:

UKARIBISHO
Karibu ukumbini. Viti vyetu ni vichache, lakini nyoyo hazina ufinyu. Tunakushukuru kwa kuja leo, maana kesho unaanza usaili wa wauguzi wapya, na ombi letu haliwezi kungoja.

TULIKOTOKA
Umoja huu ulianzishwa na walezi wa vijana wenye ulemavu waliofuzu uuguzi, wakala kiapo, kisha wakarudi kukaa nyumbani. Sare zao hufuliwa na kupigwa pasi kila juma, ilhali hazijachafuka.

TULIPOFANIKIWA
Walipopokewa jinsi walivyo, walifanya kazi ya kusifika. Mmoja wao huitwa Zunguka. Sikio lake la kushoto halisikii. La kulia humfaa akiiona midomo ya msemaji. Mafunzoni alikuwa akikizunguka kila kitanda ili mgonjwa awe kuliani kwake. Mzee mmoja akamtania: "Zunguka, ukirudi safari utuletee zawadi!"

"Zawadi ni sindano, babu. Geuka."

Mzee huyo alipohamishiwa wodi nyingine, aligoma kumgeukia muuguzi mwingine yeyote.

KINACHOTUKWAZA
Mara mbili Zunguka aliomba kazi akaeleza hali yake. Mara zote mbili aliambiwa, "Tutakupigia simu." Hadi leo hula chakula simu ikiwa mapajani, asije akaukosa mtikisiko wake.

Mara ya tatu shangazi yake alimwasa: "Funga kilemba, mwanangu; usiposikia watadhani ni kitambaa. Aliyenyamaza hakusema uongo."

Akanyamaza, akaajiriwa. Wodini wote walivaa barakoa. Angeweza kuomba jambo dogo tu, kwamba anayesema naye asimame kuliani kwake na kupaza sauti. Lakini angeliombaje bila kujifichua? Siku moja mgonjwa aliomba maji kushotoni kwake, naye akapita. Msimamizi akamkaripia: "Una dharau wewe!" Akainamisha kichwa. Aliona heri aitwe mwenye dharau kuliko aitwe kiziwi. Akaacha kazi.

Bibi yake, mwenyekiti wetu, alimwuliza kulikoni.

"Bibi, nikisema, nabaki nyumbani. Nikificha, naingia kazini peke yangu."



TUNALOOMBA
Hatuombi huruma, wala nafasi kwa asiyeistahili. Tunaomba kwamba mwombaji akikueleza ulemavu wake, swali lako linalofuata liwe: "Unahitaji nini ili uifanye kazi hii vizuri?" Kisha umngoje ajibu.

Zunguka ameomba tena, na kesho atasema. Yumo humu, safu ya mbele, ndani ya sare yake. Huenda umeshangaa kumwona msomaji wetu akiinua uso kila baada ya maneno machache. Alikuwa akimsomea yeye. Nawe ukisimama kujibu, tafadhali mtazame.

Mwenyezi Mungu akujalie afya na moyo mkunjufu, na mikono unayoiongoza isichoke kuponya.

Ni sisi,
Umoja wa Walezi wa Wauguzi Wenye Ulemavu