Sifaeli Elimringi Kitomari, Fundi Aliyeusuka Mchongoma (1962–2025)

Ndugu, majirani na marafiki, sisi tunaowasomea haya bado tumepigwa na butwaa. Jumamosi asubuhi Sifaeli alikuwa akibishana na mkewe kuhusu chumvi ya makande. Leo Alhamisi tuko kijijini Poli, tunamtaja kwa "alikuwa", na ulimi haujazoea. Tukijikwaa mtuvumilie.

Sifaeli alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, hapa hapa Poli, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Elimringi Kitomari na marehemu Mama Ruti. Aliyemfuata ni Yona, ambaye habari zake mtazisikia mbele. Mama yao alikuwa akisema Sifaeli haoni kilichonyooka asikipinde, na kwamba mikia ya mbuzi ilisalimika kwa sababu mbuzi wanajua kukimbia.

Alisoma shule ya msingi hapa Poli kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Hesabu alizipenda, Kiingereza kilimpiga chenga. Mwaka 1979 aliingia chuo cha ufundi mjini Moshi akasomea umeme.

Mwaka 1982 aliajiriwa kiwandani Arusha. Kazi ilipokwisha huko, mwaka 1998 alikodi kibanda Ngarenaro, akawa fundi wa kusuka mota kwa waya wa shaba: za pampu, za feni, za mashine za kusaga. Vipande vya waya wa shaba vilikuwa mifukoni mwake hata kanisani, na mara moja vilidondoka kwenye kapu la sadaka. Mhasibu wa usharika alimrudishia, akamwomba atoe kitu kingine.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa takatifu na Nalepo binti Lemburis wa Sambasha. Walipohamia Olasiti mwaka 1994, Nalepo alipanda ua wa michongoma kwa miche aliyopewa na baba yake. Ua ule ulikuwa wake. Siku moja ya Machi 2014, alirudi kutoka sokoni akakuta mumewe ameung'oa wote ili ajenge ukuta wa tofali. Shina lililokuwa nene kuliko yote lilikuwa limelala kwenye karai, limekatwa kichwa, mizizi imepunguzwa. Nalepo alimwuliza kama ameanza kuchanganyikiwa. Sifaeli alijibu kwamba mingine itachomwa, ila lile ni la baba mkwe, halichomwi.

Wazo la kulea mti ndani ya chombo alilipata kwa Mama Sudha, mwenye duka la vitambaa mjini. Alikwenda kwake kufunga pampu, akaona barazani mkuyu mzima, wenye shina na mizizi ya kizee, umekaa ndani ya sahani. Alidhani ni wa plastiki mpaka alipougusa. Mama Sudha alimweleza jinsi ya kuulea mti wa namna ile: uanze kivulini, udongo usituamishe maji, na mwaka wa kwanza usiguswe na waya.

"Shaba unayo, Fundi," alimwambia. "Subira ndiyo huna."

Sifaeli alitoboa karai kwa msumari, akachanganya mchanga wa mtoni na changarawe nyeusi ya mlimani, akaliweka shina nyuma ya nyumba. Wiki zikapita, limekaa kama kuni. Nalepo aliamua moyoni kwamba atalipikia. Siku alipolifuata na panga alikuta chipukizi limetoka ubavuni, bichi kabisa. Alirudisha panga jikoni, asimwambie mtu, na tangu siku ile hakuugusa tena mti wa mumewe mpaka juzi Jumanne.

Mwaka uliofuata waya ukaingia. Sifaeli aliyazungushia matawi shaba, akayapinda kidogo kidogo, kisha akawa anaukata waya kabla haujala gome. Mchongoma ule ukawa na sura ya mti wa miaka mia, na kimo chake hakikupita goti. Waliouona walishtuka. Wazee wa jumuiya walifika kuuombea, maana hawakuwahi kuona mti uliofungwa. Sifaeli aliitikia amina kwa sauti kuliko wote, kisha akaumwagilia.

Lakini mwaka 2021 biashara ya viazi ya Yona ilianguka, na mtu akamnong'oneza kwamba amefungwa kwa uchawi. Yona alikuja Olasiti, akauona mti mfupi uliozungushiwa waya kila tawi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kaka," aliuliza, "humu umemfunga nani?"

Sifaeli alicheka. Kicheko kile ndicho kilichomponza. Yona aliondoka na hakukanyaga tena pale. Sifaeli alimfuata huku Poli mara nyingi, na kila mara aliambiwa mdogo wake ametoka sasa hivi.

Kwa desturi, hapa husomwa habari za ugonjwa. Sifaeli hakuugua. Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, asubuhi ya saa nne, alikaa kwenye kigoda mbele ya mchongoma wake, plaizi ya kukatia waya mkononi, akisema waya umeanza kubana na leo lazima autoe. Alimwomba mkewe maji ya kunywa. Nalepo alipofika na kikombe, plaizi ilikuwa chini na mumewe ameegemea ukuta. Alimgombeza kwanza, akidhani amesinzia. Hospitalini walisema moyo ulisimama ghafla. Kikombe kile Nalepo alikifunika, na kwa siku zote hizi hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Jumanne ukoo uliketi chini ya turubai pale Olasiti. Yona alisimama akasema hatambeba kaka yake mpaka mti ule uchomwe. Kuzikwa bila mdogo wake ni jambo ambalo Sifaeli hakulistahili, na kila mtu alilijua.

Nalepo aliinuka, akarudi ameukumbatia mti ndani ya karai lake. Aliuweka mbele ya Yona, akaanza kukata waya, tawi kwa tawi.

"Shemeji," alisema, "kama kaka yako alimfunga mtu, mimi mkewe namfungua mbele yenu wote. Ukisikia umefunguka, sema."

Waya wa mwisho ulikuwa umezama kwenye gome, na Nalepo alishindwa kuuchomoa kwa machozi. Yona alipiga magoti, akamshikia tawi, miiba ikamchoma viganja. Waya ulipotoka aliupapasa mti toka shinani mpaka kileleni.

"Ni mchongoma tu," alisema. Ndipo alipolia, na hatukuweza kumnyamazisha.

Sifaeli ameacha mjane, Nalepo, watoto watatu, Naisiae, Oscar na Silantoi, wajukuu wanne, na mdogo wake Yona, ambaye leo ametangulia mbele ya jeneza. Ameacha pia mchongoma mnaouona pale mezani, usio na waya. Mama Sudha ameukagua asubuhi hii. Anasema alama kwenye tawi lile itabaki, lakini mti hautakufa.

Na yale maji ya Jumamosi, Nalepo ameyamimina leo alfajiri kwenye karai. Amani ya Mungu ikulaze, Fundi.